MAMA ALIYEFANYA IBADA JIKONI

Somo kwa kijana ambaye kuna mtu anamwombea
Soma: Mithali 31:10-31, Luka 15:11-24, 2 Timotheo 1:5

Kijana mpendwa,

Usiitupe karatasi hii kabla hujaimaliza. Hatukuombi pesa, wala hatukuulizi unasali wapi au kama unasali. Tunakuuliza jambo moja tu: ni nani aliyekuwa akiamka usiku wakati unalia na huwezi hata kusema panauma wapi?

Kwa wengi wetu jibu ni mama. Na kwa wengi wetu kazi ile hatukuiona kuwa kazi. Mtu akiulizwa, "Mama yako anafanya kazi gani?" anajibu haraka haraka, "Hana kazi, yupo nyumbani tu." Nyumbani tu! Anaamka kabla ya jogoo, analala wa mwisho, halafu eti hana kazi.

Leo tujifunze habari za mwanamke mmoja aliyekuwa "nyumbani tu." Mume wake alihubiri mbele ya umati mkubwa sehemu nyingi za dunia. Hata huku kwetu alifika mwaka 1960, akahubiri Moshi, Kisumu na Nairobi. Mume huyo ni Billy Graham, na labda jina lake umewahi kulisikia. Lakini leo hatumzungumzii yeye. Tunamzungumzia yule aliyebaki na watoto. Jina lake ni Ruth.

1. ALIKUWA NA NDOTO YAKE MWENYEWE

Ruth Bell alizaliwa tarehe 10 Juni 1920 nchini China, katika mji wa Qingjiang, jimbo la Jiangsu. Wazazi wake walikuwa Wamarekani, na baba yake alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya misheni.

Alipofika miaka 13 akaambiwa aende shule ya bweni Pyongyang, mji ambao leo ni makao makuu ya Korea Kaskazini. Kijana uliyepelekwa bweni unajua habari hii. Usiku wa kuamkia safari, binti yule alimwomba Mungu afe kabla hakujakucha! Kulikucha, akapanda meli. Alipofika alilia usiku baada ya usiku. Baadaye katika maisha yake aliona kwamba shule ile ilimwandaa, maana Mungu alikuwa anamfundisha kuagana na watu anaowapenda bila kuvunjika moyo.

Mwaka 1937 alikwenda Marekani kusoma katika chuo cha Wheaton, jimbo la Illinois. Ndoto yake ilikuwa moja: kwenda Tibet kuwa mmisionari, tena bila kuolewa. Hapo chuoni ndipo alipokutana na kijana mrefu kutoka shamba la ng'ombe wa maziwa huko North Carolina. Ruth alipambana sana moyoni, Tibet au ndoa? Mwishowe walifunga ndoa tarehe 13 Agosti 1943 pale Montreat, North Carolina.

Kijana, usifikiri mama yako alizaliwa akiwa mama. Naye alikuwa msichana. Naye alikuwa na mahali alipotaka kwenda, pengine kusoma, pengine kufungua duka lake. Umewahi kumuuliza? Wengi wetu tunajua majina ya wachezaji wote wa timu ya mpira, lakini hatujui mama alitaka kuwa nani.

2. NYUMBA ISIYO NA BABA KWA MIEZI

Walipata watoto watano, wasichana watatu na wavulana wawili. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1945 na wa mwisho mwaka 1958. Hesabu mwenyewe hizo nepi, hizo homa za usiku, hizo sare za shule.

Na baba yuko wapi? Baba yuko safarini. Mkutano mmoja ukiisha, mwingine unaanza. Mwaka 1949, mikutano mikubwa ya Los Angeles ilipokuwa inakaribia mwisho, Billy aliletewa mtoto mdogo akauliza huyu ni mtoto wa nani. Alikuwa binti yake mwenyewe! Na mtoto naye hakumtambua baba. Uzeeni Billy Graham aliandika wazi kwamba alijutia muda mwingi aliokaa mbali na familia yake.

Hatusemi haya ili kumwaibisha mtumishi wa Mungu. Tunasema ili uone ni nani alijaza pengo lile. Baba alipokuwa jukwaani, Ruth alikuwa anafundisha watoto kuomba kabla ya kulala. Baba alipokuwa anapigwa picha na wakubwa, Ruth alikuwa anatafuta kiatu kimoja kilichopotea asubuhi ya shule. Inasimuliwa kwamba usiku mwingine alilala na koti la mumewe kando yake kwa ajili ya upweke. Lakini asubuhi aliamka, akawasha jiko.

Katikati ya miaka ya 1950 walijenga nyumba mlimani, juu ya Montreat. Ruth ndiye aliyesimamia. Alizunguka vijiji vya milimani akinunua magogo ya vibanda vya zamani ili nyumba yake ijengwe kwa mbao zilizokwisha kuona maisha. Na jikoni, juu ya sinki la kuoshea vyombo, alitundika kibao. Kibao kilisema kwamba hapa ibada hufanyika mara tatu kwa siku.

Umeelewa, kijana? Mara tatu kwa siku: vyombo vya asubuhi, vyombo vya mchana, vyombo vya usiku. Kwake yeye kuosha sufuria kwa moyo wa shukrani ilikuwa ibada kama ibada nyingine. Biblia yake aliiacha wazi mahali anapopita, ili akipata dakika mbili asome mstari mmoja. Maana mama mwenye watoto watano akisema asubiri hadi apate saa nzima ya utulivu, atasubiri mpaka watoto waoe.

3. UPOLE SI UNYONGE

Wengine wanadhani mama wa nyumbani ni mtu wa kunyamaza na kuburutwa. Siyo Ruth!

Mwaka 1964 alikuwa mezani Ikulu ya Marekani pamoja na mumewe. Rais Lyndon Johnson akamuuliza Billy amshauri achague nani awe makamu wake. Kabla Billy hajajibu, Ruth akampiga teke chini ya meza. Billy akashangaa, akauliza kwa sauti mbona unanipiga teke! Ruth akamwambia palepale kwamba kazi yake ni kutoa ushauri wa kiroho, siyo wa siasa. Mbele ya rais, bwana!

Mumewe alikuwa Mbaptisti, lakini yeye alibaki Mpresbiteri mpaka kufa. Alimheshimu mumewe na dhamiri yake akaitunza.

Na watoto je? Siku moja mwanawe Franklin alikuwa anawasumbua dada zake ndani ya gari. Ruth akasimamisha gari, akamtia kwenye buti, akafunga, safari ikaendelea. Walipofika mahali pa kununua chakula akafungua buti, na mtoto bila hata kujuta akaagiza anachotaka kula, chipsi na soda juu yake! Hapo ndipo Ruth alipojua kwamba huyu wa kwangu ana kazi. Wala hatukushauri umtie mtoto kwenye buti. Tunataka tu ujue kwamba mama huyu hakuwa malaika aliyechorwa ukutani. Alikuwa mzazi kama mama yako, aliyejaribu hiki kikashindikana, akajaribu kingine.

4. MTOTO WA MHUBIRI ALIYEPOTEA

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo unapohusika.

Unaweza kufikiri, "Huyo mama aliomba sana, basi watoto wake wote walikuwa watakatifu." Hapana. Franklin alianza sigara angali mdogo. Akaongeza pombe, pikipiki za mwendo wa kasi na kukimbizana na polisi. Chuo alichosomea Texas kilimfukuza mwaka 1973. Mdogo wake wa kiume naye alipotea kwa miaka kadhaa.

Hebu fikiri. Baba anawaita maelfu waje kwa Yesu, na mwanawe mwenyewe hataki. Majirani watasemaje? Methali yetu inasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Ruth aliujua.

Alifanya nini? Usiku mmoja, akiwa nchi ya mbali, aliamka usiku wa manane na mawazo ya mwanawe yakamjaa. Usingizi ukakataa. Akawasha taa, akafungua Wafilipi 4:6, akaona jambo ambalo alikuwa amelisahau: kwamba maombi yaende pamoja na shukrani. Akaacha kuhesabu makosa ya kijana, akaanza kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Alishukuru kwamba amepewa mtoto huyu, kwamba ni mzima, na kwamba Mungu anampenda kuliko yeye mama anavyompenda. Aligundua kwamba ibada na hofu havikai chumba kimoja.

Mwaka 1974 Franklin alikuwa Lausanne, Uswisi, akifanya kazi kwenye mkutano mkubwa wa uinjilisti. Siku aliyotimiza miaka 22, baada ya chakula, baba yake alimwambia kwa upole kwamba yeye na mama yake wanaona vita iliyo moyoni mwake. Akamwambia lazima achague. Tena akamwambia kwamba lolote atakalolifanya, popote atakapoishia, wanampenda na mlango wa nyumbani uko wazi.

Franklin alikasirika. Kwani wamejuaje? Alidhani ameficha! Kijana, mama anajua. Unarudi saa nane usiku unanyata, unatafuna peremende ili harufu isisikike, unadhani amelala. Hajalala.

Wiki chache baadaye, katika chumba cha hoteli mjini Yerusalemu, Franklin alipiga magoti peke yake akamkabidhi Yesu maisha yake. Mama hakuwepo chumbani, na baba hakuwepo. Hakukuwa na kwaya wala jukwaa.

Shika jambo hili: maombi ya mama yalimfikisha mlangoni, lakini kuingia aliingia mwenyewe. Mungu ana watoto, hana wajukuu. Huwezi kuokoka kwa sababu mama yako ameokoka. Timotheo alikuwa na bibi yake Loisi na mama yake Eunike, wanawake wa imani, lakini ilibidi imani ile ikae ndani yake yeye Timotheo.

5. ALIKUWA MAMA WA WASIO WAKE

Pale Montreat alikuwepo msichana mdogo ambaye wazazi wake walitengana. Mama yake alipatwa na ugonjwa wa huzuni kubwa, akawachukua watoto wake akawapeleka mlangoni kwa Ruth ili awachukue. Ruth aliwatafutia familia ya kuwatunza, wala hakumsahau yule msichana. Miaka ilipopita alimpa daftari zuri akamtia moyo kwamba anaweza kuandika.

Msichana huyo ni Patricia Cornwell, ambaye leo anajulikana duniani kwa riwaya za upelelezi. Na kitabu chake cha kwanza, mwaka 1983, kilikuwa habari za maisha ya Ruth.

Labda unasoma karatasi hii na moyo wako unasema, "Nyie mnazungumzia mama, mimi wangu alifariki." Au "Mimi aliniacha kwa shangazi sijui hata sura yake." Ndugu yangu, dada yangu, hatujakusahau. Mungu hakukuacha bila mtu. Labda ni bibi aliyekulea kwa kuuza maandazi. Labda ni mama jirani aliyekuwa anakuita ule na watoto wake, bila kukuuliza kwenu kuna nini. Huyo ndiye Ruth wako. Hata Yesu msalabani, katika maumivu yale yote, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda ili apate pa kukaa. Soma Yohana 19:25-27. Mwokozi aliyekuwa anabeba dhambi za dunia alikumbuka mama atakula wapi jioni ile. Wewe una shughuli gani kubwa kuliko ile?

6. UJENZI ULIPOKWISHA

Mwaka 1974 huo huo, Ruth alipanda mtini kufunga waya wa wajukuu kutelezea. Bibi wa miaka 54, juu ya mti! Akaanguka vibaya, akapoteza fahamu kwa siku kadhaa. Alipozinduka, mistari ya Biblia aliyoihifadhi tangu utoto ilikuwa imemtoka kichwani, naye akamwomba Mungu amrudishie hiyo hata kama mengine hayatarudi. Ikaanza kurudi mmoja mmoja.

Miaka ya mwisho maumivu ya mgongo yalimweka kitandani. Yule mume aliyekuwa hakai nyumbani sasa alikaa. Wazee wawili, mkono kwa mkono, nyumba ile ile ya magogo.

Ruth alifariki nyumbani kwake tarehe 14 Juni 2007, siku nne baada ya kutimiza miaka 87. Mumewe na watoto wao wote watano walikuwa pamoja naye. Hebu lisome tena neno hilo: wote watano. Hata wale wawili waliopotea walikuwepo. Mumewe alimfuata mwaka 2018.

Jeneza lake lilikuwa la plaiwudi tu, lililotengenezwa na wafungwa wa gereza la Angola, jimbo la Louisiana. Franklin, yule yule wa pikipiki, ndiye aliyekwenda gerezani, akaona kazi yao, akawaagiza wawatengenezee wazazi wake. Na juu ya kaburi lake, huko Charlotte, kuna maneno ambayo Ruth aliyachagua mwenyewe baada ya kuona kibao barabarani: ujenzi umekwisha, asanteni kwa uvumilivu wenu.

Alijiona kama barabara inayotengenezwa. Miaka 87 Mungu alikuwa anachimba na kusawazisha. Hakusema, "Nilikuwa mama mkamilifu." Alisema, mlinivumilia, na sasa Fundi amemaliza.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu kimya kimya. Hakuna anayekusahihishia.

1. Mara ya mwisho ulimpigia simu mama au aliyekulea bila kuomba kitu ilikuwa lini?
2. Ni kazi gani anayoifanya kila siku ambayo hujawahi kumwambia asante?
3. Kuna jambo unalomficha? Unadhani kweli halijui?
4. Siku ya mazishi watu hulia na kutoa sifa nyingi. Ni sifa gani unaweza kumpa leo, angali anasikia?
5. Kama leo usiku ungekuwa mwisho wa ujenzi wako, Fundi angekuta nini?

FANYA HIVI LEO

Kwanza, nenda nyumbani. Kama ni mbali, piga simu. Usianze na maneno makubwa, sema tu, "Shikamoo mama, nilitaka kukusalimia." Kama una deni la msamaha, omba. Kama yeye ndiye aliyekukosea, anza kumsamehe mbele za Mungu, hata kama mdomo bado ni mzito.

Pili, ukifika osha vyombo. Ndiyo, wewe mvulana! Kama Ruth aliweza kuifanya iwe ibada, wewe hutapungukiwa na kitu.

Tatu, usiishie kwa mama. Mama anakupenda lakini hawezi kukusamehe dhambi. Yule mwana wa Luka 15 alizinduka akiwa kwenye banda la nguruwe, akasema moyoni ataondoka arudi. Hakusubiri apate nguo nzuri kwanza. Alirudi na harufu yake, na baba akamwona angali mbali, akamkimbilia. Mungu anayekungoja ndiye huyo.

Kama uko tayari, sema maneno haya kwa moyo wako wote, hata hapo ulipo, kijiweni au ndani ya basi:

"Bwana Yesu, nimetanga kiasi cha kutosha. Kuna watu wamelia kwa ajili yangu nami nikajifanya sioni. Mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Ingia maishani mwangu, uanze ujenzi wako ndani yangu, wala usiuache mpaka uumalize. Mbariki aliyenilea. Nifundishe kumheshimu angali hai. Amina."

Umeomba? Basi mwambie mtu mmoja leo. Na kama mama yako ni mwombaji, mwambie yeye wa kwanza, maana huenda amesubiri simu hiyo miaka mingi.

Ukimaliza kusoma mpe mwenzako. Bwana akubariki.